Chupa ya Safari, Mtungi wa Dharura: Tuchague Vipi?

(Haya ni mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware. Tunayachapa hapa kwa ajili ya vikundi vya vijijini ambavyo havikuweza kufika.)



 Tunajua wengine mmefunga vibanda ili mje, na saa moja ya biashara ni unga wa jioni. Kwa hivyo hatutawapotezea wakati. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja hapa anacho, na ambacho wengi wetu hatukukichagua, bali tulikiokota tu kikawa chetu. Kitu hicho ni chombo cha kubebea maji.

Mzee mmoja tulipomwambia habari hii alicheka, akauliza, "Sasa chupa nayo ina hotuba?" Mzee, ina hotuba. Hebu tuanze na aibu yetu wenyewe, ndipo mtaelewa.

YALIYOTUPATA LONGONOT

Miaka michache iliyopita tuliwapeleka vijana wa vikundi viwili, kimoja cha Kibera na kingine cha Kawangware, kupanda mlima Longonot kule karibu na Naivasha. Ni mlima wa mita 2,776, volkano iliyolala, na kilele chake ni ukingo wa shimo kubwa unaozungukwa kwa miguu. Tulipanga matatu, tukapanga mikate, tukapanga hata nyimbo. Maji hatukuyapanga. Kila kijana aliambiwa "beba maji yako", basi.

Tulipofika langoni tukakumbushwa jambo ambalo tulipaswa kulijua. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Serikali ya Kenya imekataza plastiki za kutumia mara moja na kutupa ndani ya mbuga za wanyama, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Wengi wa vijana wetu walikuja na chupa hizo hizo nyembamba za dukani. Wakanywa walivyoweza pale pale, na chupa zikabaki chini. Sheria hiyo ni nzuri na hatuna ugomvi nayo. Kosa lilikuwa letu sisi viongozi.

Kule juu hakuna bomba wala kijito. Jua lilipofika utosini, watu thelathini tulikuwa tunagawana chupa nne ngumu na mtungi mmoja wa lita tano. Na mtungi huo, ndugu zetu, ulikuwa umewahi kubeba sabuni ya maji ya kusugulia sakafu. Aliyeuleta aliusuuza mara mbili, akaona umetakata. Vijana watatu walitapika njiani. Msichana mmoja wa miaka 15 alianguka tukiwa bado kwenye ukingo, ikabidi tumbebe kwa zamu mpaka chini. Alipata nafuu jioni hiyo, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yake alipotuuliza, "Kwani hamkuwa na maji?" tulikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza, tukisoma na kujaribu. Na tumegundua kwamba somo la mlimani ndilo somo la mtaani. Siku ya dharura ploti yako inakuwa kama Longonot. Bomba hakuna, duka limefungwa, na unabaki na chombo ulicho nacho tu. Wale tuliokuwa hapa Januari 2008 tunakumbuka. Wale waliopata mafuriko ya Aprili 2024 wanakumbuka vizuri zaidi. Maji yalikuwa kila mahali, na ya kunywa hayakuwepo.

MAJI HUCHAFUKIA WAPI?

Tukiuliza swali hili katika mikutano, watu husema, "Kwenye bomba." Ni kweli kwa sehemu. Mabomba mengi ya mitaani ni ya plastiki, na yamepita ndani ya mitaro. Maji yakikatwa, bomba linabaki tupu, na uchafu wa nje unaingia kupitia nyufa. Maji yakirudi, yale ya kwanza kutoka ndiyo yaliyobeba uchafu huo. Kwa hivyo yale ya kwanza usiyakinge kwa ajili ya kunywa, yatumie kupigia deki. Hapa Kibera, shirika la SHOFCO limepitisha mabomba juu ya nguzo, hewani, ili yasipite kwenye mitaro. Hilo limesaidia.

Lakini hebu tuyafuate maji kutoka kioski mpaka mdomoni mwa mtoto. Yanaingia kwenye mtungi ambao haujaoshwa ndani tangu uliponunuliwa. Mtungi umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa, kwa sababu kifuniko kilipotea. Nyumbani yanamiminwa kwenye ndoo. Mtoto anatoka kucheza, anachukua kikombe, anakizamisha pamoja na vidole vyake vyote. Sasa tuseme ukweli, maji hayo yalichafukia wapi? Yalitoka kioski yakiwa mazima, yakachafukia mikononi mwetu.

Ndiyo sababu tunasema hivi: chombo chako ndicho mwisho wa bomba. Kampuni ya maji haiwezi kukiosha, na serikali haitakifunga. Kipande hicho cha mwisho ni chetu.

Na gharama yake tunaijua. Kipindupindu kilichoanza Desemba 2014 kiliitesa Nairobi mwaka wa 2015. Kikarudi mwaka wa 2017, na kikaanza tena Oktoba 2022. Mara nyingi waliougua sana ni watu wa mitaa kama yetu, na kila mara wataalamu wametuambia yale yale, yaani maji, choo na mikono.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Ukienda soko la Toi au kwa wauza plastiki wa Kawangware, utaona chupa na mitungi ya kila rangi. Usichague kwa rangi. Angalia mambo manne.

La kwanza ni historia yake. Uliza, chombo hiki kilibeba nini kabla yangu? Mtungi wa mafuta ya kupikia unafaa ukioshwa vizuri. Mtungi wa dawa ya mimea, wa rangi, wa mafuta ya taa, wa asidi au wa sabuni ya sakafu haufai kwa maji ya kunywa, hata ukioshwa mara mia, kwa maana plastiki hunywa harufu na sumu na kuitoa polepole. Ikiwa muuzaji hajui ulibeba nini, au anasitasita, uache. Nusa ndani kwanza. Pua yako ni mpimaji wa bure.

Kisha geuza chupa uangalie chini. Kwenye nyingi utaona pembetatu ndogo ya mishale yenye nambari. Nambari 1 ni ile plastiki angavu ya chupa za maji na soda. Nambari 2 ni ya mitungi mizito. Nambari 5 ni ngumu kidogo na huvumilia joto zaidi. Hizo tatu hutumika kwa vyakula na vinywaji. Nambari 3 usiichukue kwa maji ya kunywa. Lakini nambari inaeleza aina ya plastiki tu, haielezi kilichowahi kuwekwa ndani. Historia bado ni ya kwanza.

La pili ni mdomo wake. Hapa pana mvutano. Mdomo ukiwa mpana sana, mikono na vikombe vinaingia. Ukiwa mwembamba sana, huwezi kusugua ndani. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana kibuyu kina shingo. Kwa mtungi wa nyumbani, mdomo mzuri ni wa upana wa vidole vitatu au vinne hivi, ili brashi iingie na mkono usiingie. Ukipata wenye mfereji mdogo kwa chini, ni bora zaidi, kwa sababu hakuna atakayezamisha kitu.

La tatu ni kifuniko. Jaza maji, funga, pindua chupa chini juu, uhesabu mpaka sitini. Ikivuja hata tone moja, mrudishie muuzaji. Kinachotoa maji kitaingiza uchafu. Kifuniko kilichofungwa kwa kamba kwenye shingo ni bora kuliko kilicho huru, hasa penye watoto. Na chupa za kunyonya kwa mrija zinapendeza, lakini ndani ya mrija hapasuguliki. Mtoto akiwa nayo, hakikisha inafunguka yote.

La nne ni kipimo. Lazima ujue chombo chako kinachukua kiasi gani, nusu lita, lita moja, tano au ishirini. Hili watu hulidharau, na tutaona baadaye kwa nini linaweza kuwa jambo la uhai.

CHUPA YA SAFARI

Kwa mtu anayepanda mlima, au anayekwenda hija Subukia au Namugongo kwa miguu, au mtoto anayetembea mbali kwenda shule, hesabu ni rahisi. Mtu mzima anayetembea anahitaji kama nusu lita kwa saa, na zaidi jua likiwa kali. Safari ya saa tano ni lita mbili na nusu. Na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Kwa hivyo ni afadhali chupa mbili za lita moja, moja kila upande wa mfuko, pamoja na ndogo ya mkononi, kuliko mtungi mmoja wa kuvuta bega. Tena moja ikipasuka, nyingine inabaki.

Chupa ya plastiki ngumu ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Chupa ya chuma kisichoshika kutu ni nzito na ghali zaidi, lakini hukaa miaka mingi. Ikiwa ni ya ukuta mmoja na haina rangi, ukiwa porini unaweza kuyachemshia maji humo humo juu ya moto, kifuniko kikiwa kimetolewa. Lakini ile ya kuta mbili, ya aina ya themosi, usiiweke motoni kamwe. Inaweza kupasuka kama bomu.

Kikundi hakihitaji kumnunulia kila mtu chupa ya bei. Sisi tulifanya hivi. Tulinunua chupa ngumu ishirini za lita moja kwa fedha za kikundi, tukaziandika nambari, na zinakaa kabatini. Anayesafiri anaazima, anarudisha ikiwa imeoshwa. Hakuna kijana wetu aliyepanda mlima bila maji tena.

CHUPA YA JUANI

Sasa tuje kwa ile chupa nyembamba inayotupwa mtaroni. Hiyo nayo ina kazi, lakini kazi yake ni ya nyumbani. Ni kusafisha maji kwa jua.

Hii si hadithi ya mitaani. Mwaka wa 1980 Profesa Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua vijidudu vya maji ndani ya chombo angavu. Kuanzia mwaka wa 1991 taasisi ya Eawag ya Uswisi iliendelea kuichunguza njia hiyo. Na jaribio moja kubwa lilifanyika hapa hapa kwetu, Kajiado, kwa watoto wa Kimaasai 206. Nusu waliweka chupa zao juani, nusu waliziweka ndani ya nyumba. Matokeo yalichapwa mwaka wa 1996. Watoto wa chupa za juani waliharisha kwa nadra zaidi. Baadaye shirika la KWAHO lililifundisha jambo hili hapa Kibera, na baadhi yenu mlihudhuria.

Chupa inayofaa ni hii: angavu kabisa, si ya kijani wala ya kahawia, isiyozidi lita mbili, isiyokwaruzika sana, iliyotolewa karatasi yake ya nje. Maji yawe maangavu. Jaribu hivi: simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, uangalie kwa juu kupitia mdomoni. Ukiweza kusoma kichwa kikubwa cha habari chini yake, maji yanafaa. Usipoweza, yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo ujaribu tena. Ninyi wa vijijini mnaochota mtoni msiiruke hatua hii.

Ilaze chupa juu ya mabati, juani, kwa saa sita. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Julai ya Nairobi mnaijua. Siku za mvua tupu njia hii haifai, chemsha au tia dawa. Kisha mnywe kutoka chupa hiyo hiyo au mmimine kwenye kikombe safi. Msihamishie kwenye ndoo, mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Mama mmoja wa Gatina aliuliza, "Na si tunasikia plastiki ikiwekwa juani hutoa sumu?" Swali zuri. Watafiti wa Uswisi walilipima jambo hilo mwaka wa 2003 kwa chupa za aina ya nambari 1, na walichokuta kilikuwa chini sana ya viwango vinavyokubaliwa kwa maji ya kunywa. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa vijidudu kuliko kwa chupa hiyo. Lakini jua haliondoi mafuta, dawa za mimea wala chumvi. Maji yenye kemikali hayatengenezwi kwa jua, wala kwa kuchemsha.

MTUNGI WA DHARURA

Dharura haibishi hodi. Moto, mafuriko, bomba kukatwa, vurugu, mlipuko wa ugonjwa. Wakati huo bei ya mtungi mmoja kioski hupanda mara kadhaa, na anayeumia ni yule asiye na akiba.

Tufanye hesabu pamoja. Kwa kunywa na kupika tu, mtu anahitaji kama lita tatu kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 15 kwa siku. Siku tatu ni lita 45. Yaani mitungi miwili ya lita ishirini na mmoja wa lita tano. Si kingi sana. Chini ya kitanda panatosha.

Mitungi hiyo iwe ya kazi hiyo peke yake. Ifunge, iandike "KUNYWA" kwa rangi, iweke mahali pa kivuli. Hapa msichanganye na chupa ya juani. Ile hukaa juani saa chache na kunywewa upesi. Maji ya akiba yakikaa kwenye mwanga siku nyingi hufanya utelezi wa kijani. Na mtungi wa lita tano uwe karibu na mlango, kwa sababu ndio utakaoubeba ukikimbia moto na mtoto mgongoni. Lita ishirini ni kilo ishirini, hukimbii nazo.

Maji ya akiba yatiwe dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita ishirini. Kile cha maji ya chupa, kama WaterGuard, soma maelezo yake, upime kwa kifuniko chake. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Ukichagua kuchemsha, yakitokota vizuri kwa dakika moja yanatosha hapa Nairobi. Milimani, juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu. Maji hayo yabadilishwe kila mwezi. Sisi tumechagua Jumapili ya kwanza ya mwezi, ili jumuiya ndogo ndogo zikumbushane. Yale ya zamani hayamwagwi, yanafulia nguo.

CHUPA NI KIPIMO CHA UHAI

Tulisema tutarudi kwenye kipimo. Mama mmoja wa Laini Saba, kijana tu, mtoto wake alianza kuendesha usiku. Alikuwa na pakiti ya ORS nyumbani, na alifanya vizuri kuiweka. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Chombo alichoona karibu kilikuwa chupa ya soda ya glasi, akaimimina yote humo, akampa mtoto. Chupa ile ni mililita 300. Alimpa mtoto chumvi zaidi ya mara tatu. Asubuhi mtoto alikuwa na kiu ya ajabu, analia bila kunyamaza. Alikaa wodi siku nne. Alipona, na mama yake alituomba tuwasimulie wengine.

Yule mama hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pakiti zinatofautiana. Nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Soma pakiti, kisha utumie chupa ambayo unakijua kipimo chake. Chupa ya dukani ya nusu lita au ya lita moja ina kipimo kilichoandikwa. Pima mara moja, chora mstari kwa wino usiofutika, uiweke chupa hiyo pamoja na pakiti.

Ukikosa pakiti kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawa kwa juu, visiwe na kilima. Mpe mtoto kidogo kidogo, na uende kliniki bila kukawia. Sukari ikizidi, kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi, mmesikia.

KUOSHA

Chupa nzuri isiyooshwa ni chupa mbaya. Iosheni kwa sabuni na maji moto kiasi kila siku kama ni ya safari, na mtungi kila mara kabla ya kuujaza, au angalau mara moja kwa wiki. Brashi isipoingia, tia kiganja cha mchanga safi uliooshwa, au mchele, pamoja na sabuni na maji kidogo, funga, utikise kwa nguvu. Geuza na utikise tena. Suuza mpaka povu liishe. Osha kifuniko na mizunguko yake, hapo ndipo uchafu hujificha.

Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato katika lita moja ya maji, utikise ifike kila pembe, subiri dakika moja, mwaga, na usuuze kwa maji safi. Usichanganye Jik na sabuni ya choo au dawa nyingine ya kusafishia, moshi wake ni sumu. Mwisho acha chombo kikauke kikiwa kimeinamishwa, mdomo chini, mahali safi.

KAZI YA KIKUNDI

Ndugu zetu, hatukuja hapa kuwauzia chupa. Tumekuja kuwaomba kikundi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Moja, kila mwanachama alete chombo chake cha maji ya kunywa, tukinuse, tukipindue, tukipime pamoja, bila kuchekana. Mbili, chama kinunue kwa jumla mitungi yenye mfereji, kila mwezi wanachama wawili wapate, kwa zamu, kama tunavyofanya kwa sufuria. Tatu, vijana wakusanye chupa angavu za lita moja na lita mbili zilizobeba maji na soda tu, wazioshe, wazigawie nyumba zenye watoto wadogo.

Maswali ya kujadili:

Chombo tunachonywea nyumbani kilibeba nini kabla yetu? Nani anajua?

Bomba likikatwa leo jioni, familia yangu ina maji ya kunywa ya siku ngapi?

Ni nani katika ploti yetu hawezi kubeba mtungi mwenyewe, na nani atambebea siku ya shida?

Tumalizie na mtu wa Biblia. Hajiri alifukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu akiwa na mkate, kiriba cha maji, na mtoto. Maji yalipokwisha jangwani alimlaza mtoto chini ya kichaka, akakaa mbali ili asimwone akifa. Mungu alisikia, akamfungua macho, akaona kisima. Mara nyingi tunahubiri juu ya kisima. Lakini tusome vizuri sura ile ya 21 ya Mwanzo. Hajiri alikwenda akakijaza kile kiriba, akamnywesha mtoto. Kilikuwa kitupu, alikuwa amekata tamaa, na bado hakuwa amekitupa.

Mungu ndiye anayetoa kisima. Kiriba ni juu yetu. Basi twende nyumbani, tukatazame viriba vyetu.